Unataka sebule iwe sinema? Usiingizwe mjini!

MAVUNO ya nyanya yakikubali, hela haitaki kukaa mfukoni. Waulize vijana wa Mlali wanataka kufanya nini na mshiko wa msimu. Wa kwanza atasema bati. Wa pili atasema bodaboda. Wa tatu, na huyu ndiye mtu wetu wa leo, atakunja nne na kusema: "Mimi nataka sebule yangu iwe sinema, basi."

Anachokiona kichwani mwake ni runinga pana ukutani, sabufa linalotikisa vikombe kabatini, muvi za kutosha mpaka Krismasi, washikaji kwenye mkeka, na yeye mwenyewe katikati kashika rimoti kama mwenyekiti wa kijiji kashika muhuri. Raha ilioje!

Ndoto hiyo haina ubaya hata kidogo. Ubaya uko kwenye kile kidude cha katikati, kile kinachozisoma hizo muvi na kuzitupa kwenye kioo. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Mtu anatoka na hela yake ya jasho, anafika mjini, anasikia "i7", anasikia "4K", anasikia "tera moja", anatoa hela. Akirudi nyumbani kidude kinakwamakwama kama trekta bovu, umeme wa LUKU unayeyuka kama barafu, na mama anauliza: "Mwanangu, ndiyo hii uliyouzia tenga zote zile?"

Kwa msomaji asiyepajua Mlali, ni kata ya Wilaya ya Mvomero, mkoani Morogoro. Unaiacha barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga, unapita Mzumbe penye chuo kikuu, unasonga mbele mpaka unajikuta miguuni pa milima ya Uluguru. Barabara hiyohiyo ndiyo inayopanda kwenda Mgeta, na ndiyo inayoteremsha mboga kwenda mjini. Kwa hiyo vumbi lipo, jua lipo, na umeme una tabia zake. Yote hayo shika kichwani, maana kompyuta ya sebule ya Mlali haichaguliwi kama ya ofisi yenye kiyoyozi kule Posta.

TUMETOKA MBALI

Vijana wa leo hawajui tulikotoka. Zanzibar walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo ITV na wenzake wakaanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mwenye deki alikuwa mfalme wa mtaa. Mkanda mmoja wa Bruce Lee ulizunguka nyumba kumi mpaka picha ikabaki mistari mitupu, na bado watu walishangilia.

Yakaja mabanda ya video, yale tunayoyaita vibanda umiza, maana ukitoka humo kiuno kinauma na shingo haigeuki. Humo ndimo alimovuma Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyewatafsiria watu picha za Wahindi, Wachina na Wamarekani kwa Kiswahili chenye chumvi na pilipili. Wakenya wana DJ Afro wao. Deki ikaondoka, ikaja CD, ikaja DVD, ikaja flashi. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata, na kila nyumba ikaanza kutafuta king'amuzi.

Sasa hivi muvi zako ziko kwenye diski, nyingine ziko kwenye intaneti, na kinachotakiwa ni ubongo mmoja wa kuziunganisha zote na kioo. Ubongo huo ndiyo kompyuta ndogo, zile ambazo mafundi wanaziita mini. Nyingi kati ya zile zilizotumika maofisini huko nje, kama HP EliteDesk Mini, Dell OptiPlex Micro na Lenovo ThinkCentre Tiny, zina ukubwa wa sentimita 18 kwa 18 na unene usiofika sentimita 4. Zinaingia kwenye begi la mgongoni, unapanda nazo daladala bila kulipia kiti cha pili. Jaribu kufanya hivyo na sipiyu lile kubwa la mezani uone konda atakavyokuangalia!

ANZA NA UMEME, SI DUKANI

Msomaji wangu, hapa ndipo penyewe. Watu wengi wanaanza na jina la prosesa. Wewe anza na umeme, kwa sababu prosesa unainunua mara moja, umeme unaununua kila mwezi.

Sipiyu kubwa la zamani likiwa kazini laweza kula wati 100 hivi. Mini ikiwa inaonyesha picha inakula kama wati 15. Tuseme nyumba yako inaangalia saa 5 kwa siku. Lile kubwa linakula nusu uniti kwa siku, yaani uniti 15 kwa mwezi. Ile ndogo inakula uniti 2 na robo tu. Mteja mdogo wa TANESCO ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei nafuu, sasa piga hesabu mwenyewe: sipiyu peke yake limeshakula moja ya tano ya hizo 75, hujawasha runinga, hujawasha taa, mama hajapiga pasi.

Kama unatumia sola ndiyo kabisaa. Chukua betri moja ya asidi, volti 12, Ah 100. Kwenye karatasi ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya namna hiyo ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo una 600 za kutumia. Inveta nayo inachukua kodi yake, zinabaki kama 500. Runinga ya inchi 32 ni wati 40 hivi, sabufa la kiasi wati 25, na mini wati 15. Jumla 80. Unaangalia saa 6 bila wasiwasi.

Weka sipiyu kubwa badala ya mini, jumla inakuwa wati 165. Unapata saa 3 na dakika kiduchu. Ile Titanic ya mwaka 1997 ina saa 3 na dakika 14. Maana yake giza linaingia sebuleni kabla yule bibi kizee hajakidondosha kidani baharini, na wageni wako wanaondoka wakiulizana kimeishia wapi. Aibu gani hiyo?

Pili, umeme wa kukatika na kurudi. Unaporudi wakati mwingine unakuja kwa hasira. Usichomeke mashine moja kwa moja ukutani. Weka kilinda umeme cha kweli, au kama mfuko unaruhusu, UPS ndogo. Faida nyingine ya mini ni kwamba UPS ndogo inaibeba muda mrefu, ikakupa nafasi ya kuizima kistaarabu diski ikabaki salama.

Kuna kamchezo kengine ambako mafundi wengi hawakwambii. Kwenye mipangilio ya ndani ya mashine, ile inayotokea kabla haijawaka, kuna sehemu ya kuiambia ifanye nini umeme ukirudi. Ukiiambia ijiwashe, basi TANESCO wakirudisha, sinema inarudi yenyewe. Kama mashine iko nyuma ya runinga kwenye ukuta, utanishukuru.

i7 SI JINA LA UKOO

Haya, sasa tuingie dukani. Umefika Kariakoo au Morogoro mjini, umesimama mbele ya kaunta.

"Karibu kaka, hii hapa mashine kali, i7."

"Asante bosi. i7 ya kizazi cha ngapi?"

"Aah, kaka, i7 ni i7 bwana!"

Hapo ndipo unapotabasamu na kuomba uione ikiwa imewaka. i7 ni i7? Thubutu! Ndani ya familia hiyo kuna babu na kuna mjukuu. Angalia namba zinazofuata baada ya kistari. i5-6500T, tarakimu ya kwanza ni 6, basi ni kizazi cha 6. i5-8500T ni kizazi cha 8. Zikifika tano, kama i5-10500T, soma mbili za mwanzo, hiyo ni ya 10. Herufi T mwishoni inakwambia prosesa hii imetengenezwa ile umeme kidogo, na ndiyo inayofaa sebuleni.

Kwa nini kizazi ni muhimu kuliko jina? Kwa sababu muvi siku hizi zinabanwa ili faili liwe dogo, na kuna namna tofauti za kubana. Ile ya zamani, H.264, iko tangu mwaka 2003 na karibu kila mashine inaijua. Iliyofuata, HEVC, ilitoka mwaka 2013. Siku hizi YouTube inatumia VP9 na AV1. Prosesa yenye sehemu maalumu ya kufungua namna hiyo ya kubana inafanya kazi huku imelala usingizi. Isiyo nayo inatumia nguvu za mwili mzima: feni inalia kama mashine ya kukoboa, joto linapanda, picha inarukaruka, mdomo unasema leo sauti inakuja kesho.

Kwa prosesa za Intel kumbuka hivi. Kizazi cha 6, cha mwaka 2015, kinamudu H.264 na HEVC ya kawaida. Kizazi cha 7 kinaongeza HEVC ya biti 10, ambayo ndiyo imejaa kwenye muvi nzuri za 4K, na VP9. AV1 imeanza kizazi cha 11. Kwa maana hiyo i3 ya kizazi cha 7 itaitandika i7 ya kizazi cha 3 kwenye kazi hii ya kuonyesha picha, na inaweza kuwa na bei rahisi zaidi. Umeona mambo hayo?

Kuna mdogo mwingine wa kumjua, anaitwa Intel N100. Alitoka mwanzoni mwa mwaka 2023. Jina lake si la kutisha, lakini anafungua AV1, anafungua HEVC, na umeme wake ni wa kubembeleza. Utamkuta ndani ya mini mpya za Kichina, nyingi zikiwa na chaja ya volti 12. Usiidharau pilipili kwa udogo wake.

Na Raspberry Pi je? Ni kadude ka Kiingereza kalikotoka mwaka 2012, kadogo kama pakiti ya sigara, na kwa volti zake 5 kanaangalia muvi zako za diski vizuri tu. Lakini kanataka mtu mwenye mkono wa fundi na moyo wa kusoma. Kama wewe ni wa kuchomeka na kula raha, kaache.

UNAANGALIA NINI HASA?

Kabla hujalipia nguvu, jiulize unaangalia nini. Kama nyumba yako ni ya muvi zilizotafsiriwa, Bongo Movie za enzi za marehemu Steven Kanumba, na sizoni za kwenye flashi, faili nyingi za namna hiyo ni za H.264 au za zamani zaidi, na picha yake si kubwa. Kizazi cha 6 kinakutosha, na hiyo hela inayobaki nunua sabufa la maana. Lufufu ulikuwa ukimsikiliza, si kumwangalia!

4K ina vitone mara 4 ya Full HD, ni kweli. Lakini ukikaa mita 3 kutoka kwenye runinga ya inchi 43, jicho la kawaida halioni tofauti kubwa. Ni kama kununua viatu vya mpira vya Ulaya kwenda kuchezea ndondo. Zaidi ya hapo, angalia matundu. Tundu la HDMI la zamani, namba 1.4, linatoa 4K kwa picha 30 kwa sekunde. Linalotoa 60 linaanzia namba 2.0. Kama runinga yako ni Full HD, hayo yote hayakuhusu, lala usingizi.

Tukiwa kwenye matundu, fungua macho! Mini nyingi za maofisini hazina HDMI kabisa, zina DisplayPort. Runinga yako haina hiyo. Usifike Mlali jioni ndiyo ugundue, ukaanza kutafuta boda ya kukurudisha mjini kwa ajili ya kipande cha waya. Nunua kigeuzi palepale dukani, kijaribu palepale. Na yule atakayekwambia utumie VGA, mkumbushe kwamba VGA inabeba picha tu, sauti haibebi.

USIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Mashine za mtumba si mbaya. Nyingi zilikaa kwenye meza ya karani, hazikubebeshwa zege. Tena Oktoba 14, 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa chache. Kwa hiyo za kizazi cha 6 na cha 7 ofisi nyingi hazizitaki tena. Kwako wewe wa muvi hilo ni dili. Unaweka Linux ya bure, au LibreELEC inayokuja na Kodi ndani yake, na mashine inakuwa sinema tupu, haina habari na Windows.

Lakini mjini shule. Kabla hujatoa hela, fanya yafuatayo mbele ya muuzaji, taratibu, bila kumwonea haya:

Moja, iwashwe. Izimwe. Iwashwe tena. Ikikuomba neno la siri kabla ya kuwaka, weka chini uende zako. Kuna mashine zilizofungwa na ofisi ya kwanza, na kulifungua hilo kufuli ni kizaazaa.

Mbili, angalia tarehe. Kama inasema ni miaka mingi iliyopita, kile kibetri cha saa kimekufa. Kibetri ni cha bei ya vocha, lakini bila hicho kurasa za intaneti zitakukatalia kila siku zikidhani unaishi zamani.

Tatu, njoo na flashi yako yenye muvi tatu: ya kawaida, ya HEVC, na moja nzito ya 4K kama unaitaka. Ziangalie dakika kumi kila moja. Sikiliza feni. Shika kasha, liwe vuguvugu, lisiwe la kuchemshia chai.

Nne, chaja. Iwe ya mashine hiyohiyo, yenye volti na wati zilizoandikwa mgongoni. Mini nyingi zinauzwa kama yatima, chaja hakuna, na ya kuokoteza inaweza kuifanya ilegee au isiwake kabisa.

Tano, Wi-Fi. Za ofisini nyingine zilikuwa zinatumia waya, hazina kadi ya Wi-Fi wala antena. Uliza, kisha ona kwa macho.

Sita, RAM iwe 8GB, na diski ya ndani iwe SSD, hata ya 128GB. Hiyo ni ya kuiwashia tu. Muvi zina makazi yake.

BOKSI ZA BEI CHEE

Kuna wale watakaokwambia, "Kompyuta ya nini mdogo wangu? Chukua boksi la Android, bei chee." Boksi zuri lipo, na kama wewe ni wa intaneti tu linaweza kukufaa. Tatizo ni zile zisizo na ukoo. Nje zimeandikwa kumbukumbu kubwa kumbe ndani ni robo yake. Mbaya zaidi, Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya vifaa vya intaneti vya nyumbani, yakiwemo maboksi ya runinga, vilivyokuwa na virusi tangu kiwandani au vilivyoambukizwa wakati mtu anavifunga. Kifaa kimekaa sebuleni kwako kimya, kumbe wahuni wa mbali wanaitumia intaneti yako kwa uchafu wao. Rahisi ni ghali, wahenga hawakukosea.

Ujanja uleule uko kwenye flashi na diski. "Tera 1" kwa bei ya soda mbili na chipsi? Ndugu yangu! Kuna flashi zinazodanganya ukubwa wao: unajaza, unajaza, halafu ukifungua muvi ya kumi unakuta faili tupu. Nunua diski yenye jina, ijaribu kwa kuijaza.

MUVI ZIKAE WAPI?

Diski ya nje ya tera 1 inabeba muvi 500 hivi za GB 2 kila moja. Hizo ni zaidi ya muvi moja kila siku kwa mwaka mzima. Ikija na umbizo la FAT32 itakataa faili lolote lenye GB 4 au zaidi, hata kama ndani kuna nafasi ya kulaza ng'ombe. Iwekwe exFAT au NTFS, kazi ya dakika mbili, lakini ifanywe kabla hujaijaza, maana ukiiumbiza kila kitu kinafutika.

Na bando je? Netflix wenyewe wanasema HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, na 4K mpaka GB 7. Sizoni ya saa 10 ni GB 30! Kwa bando la simu hapo unachoma hela na kiberiti. Ndiyo maana nyumba ya kijijini lazima iwe na diski, intaneti iwe kitoweo.

Vumbi nalo. Mini ina feni ndogo na vitundu vidogo. Usiiweke sakafuni, usiifunike kitambaa cha kudarizi hata kama mama amekishona kwa mapenzi. Ininginize nyuma ya runinga au iweke juu ya kabati, na kila baada ya miezi mitatu ipulizwe.

MAMA AWEZE KUIWASHA

Mtihani wa mwisho si wa fundi, ni wa nyumbani. Wewe ukiwa shambani, mama akitaka taarifa ya habari ya saa 2 usiku, ataweza? Bibi akitaka nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mwana wa Morogoro aliyetutoka mwaka 1979, atazipata? Kama mpaka wewe uwepo ndiyo iwake, hiyo si sinema ya nyumbani, ni mtambo wako binafsi uliowekwa kwenye sebule ya watu. Siku moja utarudi ukute runinga imerudishwa kwenye king'amuzi na mini imefungwa kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati.

Dawa ipo. Weka Kodi, programu iliyozaliwa kama XBMC na kubadilishwa jina mwaka 2014. Inapanga muvi kwa picha za majalada, mtu anachagua kama anachagua kanga dukani. Ipangie ifunguke yenyewe mashine ikiwaka. Kompyuta nyingi haziisikii rimoti ya runinga, kwa hiyo nunua karimoti ka pekee ka kuchomeka. Halafu kaa na mama nusu saa, mwelekeze kwa heshima, bila ile "Aah mama, si nilishakwambia!" Hiyo nusu saa ni sehemu ya bei.

UKIANZA KUTOZA KIINGILIO...

Majirani watakuja. Mlali ni kijijini bado, mtu hafukuzwi. Wakae, wacheke, wapewe maji. Lakini siku utakapoweka ndoo mlangoni na kusema mia mbili mia mbili, umeshahama sebuleni, umekuwa mwenye banda. Hapo kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Bodi yake, na kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 iliyowaleta COSOTA. Kuonyesha kazi ya mtu hadharani kwa kiingilio kunataka kibali na ruhusa ya mwenye mali. Kama una nia ya biashara, nenda kafanye kwa njia yake. Na hizo muvi za kujaziwa kwenye flashi kwa buku, kumbuka kuna mtu alizicheza, kuna mtu alizipiga picha, na hajaona hata senti yako.

GAWA MSHIKO HIVI

Tuseme umetenga milioni 1 na huna kitu. Usiimwage yote kwenye kioo. Runinga ipewe 450,000. Mini ipewe 250,000. Sauti ipewe 150,000, maana spika za runinga nyembamba ni za kusomea taarifa ya vifo. Diski, waya na karimoti vipewe 80,000. Zinazobaki 70,000 ni za kulinda umeme, na hizo usizile, hata washikaji wakikuita bahili. Kama runinga tayari ipo, ongeza kwenye mini upate kizazi kipya zaidi, kisha zilizobaki zirudi shambani zikanunue mbegu.

Na kama milioni haijatimia msimu huu? Subiri wa pili. Hakuna muvi inayokimbia. Kijana aliyenunua taratibu atakaa sebuleni kwake, umeme umekatika mtaa mzima, betri inasukuma, muvi iko dakika ya mwisho, na mama ndiye aliyeshika rimoti.

Kwa leo tuishie hapo msomaji wangu. Tukutane wiki ijayo, na ukienda mjini usiisahau ile flashi ya kujaribia!